Mrushaji Aliyeingia Getini

Kambi ya Toledo, Chuo cha Marlow, Ohio
Julai 10, 1974

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kambini. Mimi mzima, ila nina malengelenge mawili mguu wa kulia na bega linaniuma mpaka kupiga mswaki ni kazi. Natumaini kifua chako hakijakusumbua wiki hii, na kwamba ile dawa unainywa, huiangalii tu juu ya kabati. Mama na dada Justina wasalimie sana.

Nilifika jana saa nne asubuhi. Nakuandikia haraka kwa sababu kuna jambo sitaki ulisome gazetini kabla hujalisikia kwangu. Unajua wachezaji wakongwe wa timu zote za futiboli ya Kimarekani wamegoma tangu tarehe mosi. Wanataka mtu akimaliza mkataba wake awe huru kwenda timu nyingine, wenye timu wamekataa. Basi letu lilipofika geti la chuo tuliwakuta wamesimama pale, watu thelathini na kitu, kila mmoja na bango lake. Kiongozi wao ni Royce Tillery, ambaye ndiye mrushaji wa kwanza wa Toledo kwa miaka tisa, na ndiye mwakilishi wao kwenye chama cha wachezaji. Dereva alisimama. Royce akapanda ngazi mbili, akatutazama sisi vijana wapya arobaini, akasema, "Mnajua mnaingia wapi. Sina la kuongeza."

Akashuka. Vijana wawili wakachukua mabegi yao wakamfuata. Mimi nilibaki kwenye kiti changu.

Baba, nimeingia. Kwenye uteuzi wa Januari, timu zinapochagua vijana kutoka vyuoni, waliitwa watu zaidi ya mia nne na jina langu halikuwamo. Nimekuja hapa kwa kualikwa tu, na mtu wa kualikwa hufukuzwa kabla hajajua choo kiko wapi. Timu ina watu watatu wa kazi yangu, warushaji wa kuwapa wenzao mpira wa kudaka, na wote wako nje ya geti. Wangekuwa ndani, ningerusha mipira kumi kwa siku nikibahatika. Jana nilirusha mia mbili, na makocha wote walikuwa wananitazama mimi. Nafasi ya namna hii sitaiona tena maishani.

Tena mimi si mwanachama. Huwezi kuwa mwanachama mpaka timu ikusajili. Nimejiambia hivyo usiku kucha, na bado naona afadhali nikuambie wewe uniambie kama ni kweli.

Mwanao,
Metro


Harkness Namba Tatu, Pennsylvania
Julai 16, 1974

Metro,

Barua yako imefika. Huku hatujambo, kifua kiko vilevile. Mamako anakusalimu na anauliza kama wanakupa chakula cha kutosha. Justina anakusalimu pia.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Umeuliza, nami nakujibu. Si kweli. Hayo ya kutokuwa mwanachama ndiyo maneno ambayo kampuni iliwaambia watu wa mabonde ya jirani mwaka wa hamsini, kwamba wao si wanachama na mgomo hauwahusu, washuke tu mgodini. Sisi wa Harkness tulikaa nje majira yote ya baridi. Justina alikuwa mchanga, mamako akipika kabichi asubuhi na maji ya ile kabichi jioni. Hakushuka hata mtu mmoja. Wewe ulikuwa hujazaliwa, lakini uliyala matunda yake. Viatu vya shule ulivyovaa vilitoka pale. Daktari aliyekutoa kidole tumbo alitoka pale.

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wachimbaji mwaka wa kumi na moja huu. Kila Jumatano nakaa mbele ya watu mia mbili na kuwaambia wasimame pamoja. Jumatano iliyopita nilipoingia ukumbini wote walinyamaza. Gazeti lilikuwa limeandika majina yenu. Hakuna aliyesema kitu, na ningeshukuru kama wangesema.

Kucheza mpira nakutakia kwa moyo wangu wote. Lakini utoke kwanza nje ya lile geti. Mpaka hapo sina la kukuandikia.

Baba yako,
Wasil Dzubak


Marlow, Ohio
Julai 25, 1974

Baba,

Salamu. Mimi mzima. Mwambie Mama chakula ni kingi, nyama kila siku, ila kabichi za kufungia nyama kama zake hawazijui.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na sitoki.

Nimekasirika, na nitakuambia kwa nini nimekasirika. Nilipokuwa na miaka kumi na sita uliniambia ukinikuta kwenye lifti ya mgodi utanirudisha juu kwa mateke. Ulikuwa unatoka zamu, hujanawa, unasimama nyuma ya nyumba kunidakia mpira mpaka mpira wenyewe unageuka mweusi. Hukuwahi kunifundisha kitu kingine. Sasa mlango umefunguka mmoja tu, nawe unataka niurudishe kwa mkono wangu mwenyewe. Niende wapi, Baba? Nirudi kwenye lifti?

Huku mazoezi ni mara mbili kwa siku na jua ni kali. Maji hairuhusiwi kunywa mpaka tumalize, wanatupa vidonge vya chumvi na kutuambia maji yanalegeza mtu. Jana mmoja alizimia, wakambeba, tukaendelea. Kocha mkuu, Bwana Stroud, hajui jina langu, ananiita Kumi na Nne kwa sababu ya namba ya fulana. Tulikuja warushaji wanne wapya. Tumebaki wawili. Ukifukuzwa huambiwi uwanjani. Asubuhi, kabla ya chai, mzee wa stoo ya vifaa hugonga mlango wako na kusema, "Mkubwa anakuita. Uje na kitabu." Kitabu ni kile cha mbinu zote za timu, na mtu akiambiwa aende nacho ajue anakwenda kukirudisha. Kila asubuhi naamka kabla yake, nakaa kitandani na kitabu changu magotini, nasikiliza viatu vyake kwenye korido. Mpaka leo amepita.

Nitaendelea kukuandikia hata usiponijibu.

Mwanao,
Metro


Marlow, Ohio
Agosti 4, 1974

Baba,

Habari za huko? Bila shaka joto limefika na Mama amehamishia jiko kwenye chumba cha chini ya nyumba. Mimi mzima, malengelenge yamekauka.

Tumecheza mechi ya kwanza ya majaribio, vijana wapya kwa vijana wapya, na majukwaa nusu yalikuwa matupu. Nilicheza nusu ya pili. Mpira wangu wa kwanza ulidakwa na wapinzani. Wa tano pia. Nilipotoka nje Bwana Stroud aliniuliza kama nina ndugu kwenye ile timu nyingine. Akanirudisha hivyo hivyo kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine, na zikiwa zimebaki dakika nne nikaisogeza timu yadi sabini tukafunga. Tulishindwa kwa pointi mbili, lakini zile yadi sabini nilizitoa mimi.

Sasa sikiliza jambo lililotokea Alhamisi. Kutoka bwenini kwenda uwanjani tunapita kando ya uzio, na wagomaji husimama upande wa pili. Wengine wanatuita majina, wengi hawasemi. Royce Tillery hukaa pale siku nzima akitazama mazoezi. Nilikuwa nimebaki peke yangu narushia wavu. Mipira ilikuwa inapaa juu ya wavu, sijui kwa nini, na nilikuwa nimeanza kujitukana kwa sauti. Akaniita.

"We dogo. Hatua yako ya mwisho ni ndefu mno. Ukinyoosha mguu hivyo, mkono unachelewa, mpira unapaa. Fupisha."

Nikafupisha. Mpira ukaingia katikati ya wavu, na wa pili, na wa tatu. Nikamwuliza kwa nini ananisaidia na mimi nataka kazi yake. Akasema kazi yake naweza kuitaka, yeye aliitaka ya mwenzake, ila hapendi kutazama mtu akirusha vibaya siku nzima. Kisha akauliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia mchimbaji makaa, katibu wa tawi.

"Na anajua uko ndani?"

Nikasema anajua. Akatikisa kichwa, akarudi kwa wenzake. Nilijisikia mdogo sana, Baba. Nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Metro


Marlow, Ohio
Agosti 11, 1974

Baba,

Nimekuona.

Nilidhani macho yananidanganya. Nilikuwa natoka bwenini na helmeti mkononi, nikaona bango la tawi la Harkness Namba Tatu limesimama kati ya mabango ya wachezaji. Watu saba mlikuwapo. Nikamtambua mzee Petro Savchak na yule mdogo wake. Nawe umevaa koti lako la kanisani katika jua lile.

Safari ya saa nne kwenye basi, na kifua chako hicho. Kwa sekunde moja, mjinga mimi, nilidhani umekuja kunitazama nikicheza. Nikainua mkono. Ndipo ukageuka ukanipa mgongo. Savchak akageuka, na wengine wakageuka mmoja mmoja mpaka nikawa natazama migongo saba.

Najua ndivyo mnavyowafanyia wavunja mgomo. Niliona ukimfanyia mtu nje ya duka la kampuni nilipokuwa mdogo, nikakuona shujaa. Sikujua upande wa pili unakuwaje. Nilitaka kuruka uzio nikushike mabega nikugeuze, na nilitaka pia kukimbia nyumbani nijifiche chini ya kitanda. Nikafanya ninachojua kufanya, nikaenda uwanjani. Asubuhi sikurusha hata mpira mmoja wa maana. Mchana nilirusha thelathini na moja, wakadaka ishirini na sita. Sijui kama mlikuwa bado mpo.

Nakupenda, na nimekasirika.

Mwanao, upende usipende,
Metro


Harkness Namba Tatu
Agosti 15, 1974

Metro,

Sisi wazima. Mama amelia kwa sababu yangu na kwa sababu yako, nusu kwa nusu.

Nilikuwapo. Tillery aliniona nakohoa akaniletea kiti cha kukunja kutoka kwenye gari lake, nikakaa mpaka basi la saa kumi na moja. Akaniambia una mkono mzuri. Nikamwambia naujua, nimeudakia miaka kumi kabla yake.

Ishirini na saba, si ishirini na sita. Ule wa pembeni kabisa yule kijana aliudaka ndani ya mstari.

Bado uko ndani.

Baba yako,
Wasil Dzubak


Toledo, Ohio
Septemba 10, 1974

Baba,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba Mama amekusamehe walau robo. Mimi mzima. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa Kipolandi ambaye ananilisha kama mtu anayenenepesha bata.

Umesikia kwamba mgomo umekwisha mwezi uliopita bila wakongwe kupata kitu. Walirudi kambini vichwa chini. Nami nina habari mbili, ya kwanza ningependa kuipiga kelele na ya pili imeitia doa.

Ya kwanza: nimesajiliwa. Mimi ni mrushaji wa pili wa Toledo. Jina langu limeandikwa kwa wino kwenye kabati la chumba cha kubadilishia nguo, na Bwana Stroud sasa ananiita Dzubak, ingawa analitafuna.

Ya pili: nafasi yenyewe ni ya Royce. Klabu imemfukuza. Miaka tisa, na wamemwacha wiki moja kabla ya ligi kuanza ili asipate timu nyingine kirahisi. Wanasema ni umri. Kila mtu anajua ni kwa sababu alishika bango. Aliyekuwa mrushaji wa pili, Haskew, amepanda kuwa wa kwanza, nami nimepanda pale alipokuwa yeye.

Nilikwenda nyumbani kwake. Nilitaka kumwambia nitakataa. Mke wake alinifungulia mlango na hakunikaribisha, Royce ndiye aliyetoka tukazungumza barazani. Akanisikiliza, kisha akasema, "Ukikataa hawatanirudisha mimi. Watampigia simu mwingine, kesho atakuwa hapa. Kaa. Ila usikae bure." Nikamwuliza maana yake nini. Akasema mimi ni mtoto wa katibu wa tawi, nitajua.

Kuna kitu kingine kidogo, na ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Hapa mila ni kwamba mchezaji mpya, wakati wa chakula, anaamriwa apande juu ya kiti aimbe wimbo wa chuo chake mbele ya wakongwe, huku wanamzomea na kumrushia mikate. Kila mtu anaichukia, lakini ukishaimba umekuwa mmoja wao. Wale vijana wawili walioshuka kwenye basi siku ile wameitwa waimbe. Sisi tulioingia hatuitwi. Tunakula, wanatupita na sahani zao kana kwamba viti vyetu havina watu. Usiku nimejikuta nafanya mazoezi ya wimbo ambao hakuna aliyeniomba.

Niandikie, Baba. Sasa niko nje ya geti, japo sikutoka kwa hiari yangu, kambi imekwisha tu.

Metro


Toledo, Ohio
Oktoba 3, 1974

Baba,

Salamu. Hujajibu. Najua sababu, na hata hivyo nilikwenda sandukuni kila siku mpaka mama mwenye nyumba akaanza kunionea huruma.

Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha wachezaji tu, bila makocha. Tangu Royce afukuzwe hatuna mwakilishi kwenye chama. Kwenye timu nyingi wawakilishi wamefukuzwa au kuuzwa, kwa hiyo kila mtu anajua kazi hiyo inaishia wapi. Clovis Pettway alisimama kuongoza. Huyu ni mlinzi wangu, kilo mia moja ishirini, kazi yake ni kuzuia watu wasiniue ninaporusha, na tangu mwezi wa nane hajawahi kunisemesha. Akauliza nani atakubali. Akauliza tena. Watu wakaanza kuangalia kamba za viatu vyao.

Nikainua mkono.

Kuna mtu alicheka nyuma. Pettway hakucheka.

"Wewe uliingia," akasema. "Utatuwakilisha nini?"

Nikasema, "Niliingia. Sitaingia tena."

Nilitaka kuongeza mengi, nilikuwa nimeyapanga kichwani, lakini yote yalikimbia. Pettway akageuka kwa wenzake akawaambia waliandike jina haraka kabla akili haijanirudia. Waliinua mikono, si wote. Nimejaza kadi ya chama siku hiyo hiyo.

Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nakula pembeni kama kawaida. Pettway akagonga meza kwa kikombe, akasema kwa sauti, "Dzubak. Panda kiti." Baba, niliimba vibaya mpaka mpishi alitoka jikoni kuangalia. Wimbo wa chuo uliniishia beti ya pili, nikamalizia na ule wa harusi ambao bibi alikuwa anauimba, kwa lugha ya kwao Ulaya. Walinirushia mikate na viazi. Kiazi kimoja kilinipata sikioni, na sijawahi kufurahi vile maishani mwangu.

Kisha Jumapili Haskew akaumia goti, nikaingia robo ya tatu tukiwa nyuma. Tumeshinda kwa pointi tatu. Pettway hakumruhusu mtu kunigusa.

Metro


Harkness Namba Tatu
Oktoba 9, 1974

Mwanangu,

Nakusalimu sana. Natumaini u mzima na sikio limepona. Huku baridi imeanza, kifua kinalalamika, dawa nainywa.

Mechi tuliisikiliza redioni kwa Savchak kwa sababu yetu inakoroma. Ulipofunga, Savchak alisahau kwamba amekupa mgongo, akanikumbatia.

Sasa nisikilize, maana kazi hii naijua kuliko unavyoijua wewe. Watakufukuza. Sikutishi, nakuambia mapema ili siku hiyo isikukute umeduwaa. Kabla hawajakufukuza, fanya hivi. Ukienda na malalamiko ofisini usiende peke yako, chukua wawili, na mmoja wao awe mtu wanayemhitaji Jumapili. Usiseme kwa mdomo kitu unachoweza kuandika. Andika nakala tatu: moja yao, moja ya chama, moja unitumie mimi. Usipandishe sauti. Wakikutukana andika na matusi yenyewe, tarehe na saa. Na usidai mambo matatu kwa mpigo. Dai moja, ulipate, ndipo urudi.

Mamako amekuwekea mkate wa karanga. Usiugawe wote.

Babako


Toledo, Ohio
Novemba 6, 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mkate ulifika, niliugawa wote, niombee msamaha kwa Mama. Mimi mzima wa mwili.

Nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Wiki mbili zilizopita Pettway alivunjika vidole viwili. Daktari wa klabu alimchoma sindano ya ganzi, akamfunga plasta, na Bwana Stroud akamwamuru aendelee na mazoezi. Mkono ulivimba mpaka glavu haikutoka, ilibidi waikate kwa mkasi. Nikaandika kama ulivyonielekeza. Dai moja tu: apelekwe hospitali, na alipwe mshahara wake mpaka apone. Nikaenda na Haskew, ambaye goti limepona akarudi kuwa wa kwanza, huyo wanamhitaji, na nahodha wa walinzi.

Bwana Stroud alisoma yote. Akaniambia mimi ni mrushaji wa akiba mwenye mechi tatu, nisijivike madaraka. Nikaandika maneno hayo na saa, mbele yake. Alipoona naandika akawa mwekundu mpaka masikioni. Kesho yake chama kikapiga simu, na jioni Pettway alikuwa hospitali. Mkono umefungwa mhogo wa plasta ngumu, analipwa mpaka senti ya mwisho.

Jana, kabla ya chai, mlango wangu uligongwa. Mzee wa stoo alikuja mpaka kwa yule mjane. Hakunitazama. Alisema, "Mkubwa anakuita. Uje na kitabu."

Ofisini sikulia. Waliniambia ni mkono, kwamba hauna nguvu ya kutosha kwa upepo wa ziwani. Nikawashukuru, nikaweka kitabu mezani. Nimelia kwenye gari la Pettway, na yeye alikuwa analia zaidi yangu, huku anaendesha kwa mkono mmoja, tukakosea njia mara mbili.

Nimecheza mechi tatu, tumeshinda mbili. Baba, nilikuwa mrushaji wa kweli. Sasa sijui mimi ni nani wala nianzie wapi. Sikuweza kusimama nje ya geti ulipotaka nisimame, na niliposimama nimepoteza kile nilichoingilia. Niambie kama nimeharibu yote mawili.

Mwanao,
Metro


Harkness Namba Tatu, Pennsylvania
Novemba 14, 1974

Mwanangu Metro,

Marahaba. Nakusalimu kwa moyo wote, mamako anakusalimu, Justina anakusalimu na anasema atakuja kumpiga Bwana Stroud. Kifua leo kiko vizuri.

Umeuliza, nakujibu kama nilivyokujibu mara ya kwanza. Ulipoingia lile geti ulikosea. Nitasema hivyo mpaka naingia kaburini. Ulipoinua mkono ulifanya sawa, na hilo nalo nitalisema mpaka kaburini. Sitalichanganya moja na jingine, na wewe usilichanganye. Hujaharibu yote mawili. Mtu huishi na yote mawili, na anafanya kazi.

Jana, Jumatano, nilikwenda ukumbini na ile nakala yako mfukoni. Tulipofika kwenye mengineyo nikasimama. Nimesimama mbele ya watu wale miaka kumi na moja na sijawahi kushindwa kutoa sauti, lakini jana sauti iligoma. Savchak akaniletea maji. Nikawaambia mwanangu mwezi wa saba alivunja mgomo, nao wanajua, na nilimpa mgongo mbele yao. Kisha nikawasomea barua yako ya malalamiko, neno kwa neno, pamoja na yale ya Bwana Stroud na saa yake. Nikamaliza nikasema, "Mwanangu amefukuzwa kazi kwa sababu ya chama."

Walisimama, Metro. Watu mia mbili. Hawakupiga makofi, walisimama tu na kofia mkononi mpaka nilipokaa.

Nilikuwa nimejiandaa kukuambia uje upumzike hadi masika. Lakini juzi kuna bwana alipiga simu kwa Savchak, anatoka klabu moja ya kusini, mrushaji wao ameumia bega na zimebaki mechi nne. Alipata namba kutoka kwa Royce Tillery, ambaye sasa anafundisha warushaji wao. Mimi nilikuwa zamu, Savchak akaenda kumwita mamako aongee naye. Bwana akamweleza kuhusu mshahara na nyumba. Mamako akamwambia hayo atazungumza na wewe, yeye ana swali moja tu, kama wachezaji wake wamegoma au wako kazini. Bwana akasema wako kazini wote. Mamako akamwambia basi aitaje namba yake polepole, anaandika.

Namba iko mezani. Njoo Ijumaa ule, ulale. Jumamosi nitatoka nyuma ya nyumba nikudakie, nione hiyo hatua fupi, na Jumatatu nitakupeleka mwenyewe kituo cha basi.

Babako